Mwandishi Hataji Unywele Bure

Tangu nistaafu, nalala mchana. Katika miaka yote ya kushika chaki sikuwahi kulifanya jambo hilo, na sasa nalifanya bila aibu, kwenye kochi, dirisha la upande wa ziwa likiwa wazi. Nikishasinzia, wanakuja. Si wanafunzi wangu, wala si walimu wenzangu. Wanakuja watu wa vitabuni. Huingia mmoja mmoja, wakaketi, wasiseme neno. Kinachonichekesha ni kwamba hawaji na sura walizopewa na waandishi wao. Wanakuja na zile walizochorewa ubaoni na watoto wa Migori na Uriri. Mwenye duka ana masikio madogo kama punje za mahindi, bibi harusi ana miguu mirefu kuliko kiwiliwili, na chifu mmoja hana shingo kabisa kwa sababu aliyemchora aliishiwa na nafasi.

Nyinyi vijana wa idara, mlionipa blanketi na sufuria siku ya kuniaga, mliniomba niandike machache kuhusu kazi. Ya vyeo sitayagusa. Mkitaka kujua nani alipandishwa na nani akarukwa, ketini chumba cha walimu wakati wa chai, hamtahitaji kuuliza. Mimi nitaandika juu ya jambo moja ambalo nadhani nililifanya vizuri, nalo ni kumtazama mhusika siku anapoingia kitabuni kwa mara ya kwanza.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa mjini Migori, kando ya barabara iendayo Isebania, karibu nayo kiasi kwamba lori likipita unanyamaza mpaka lipite. Mimi ni Mkuria. Nilifika pale na Kiswahili cha chuo, kimepigwa pasi, nikawakuta watoto wanaozungumza Dholuo wakicheza, Kiswahili wakinunua mandazi na Kiingereza wakiogopa kuadhibiwa. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya Kidato cha Tatu nikawasomea sura ya kwanza ya riwaya kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Nilipoinua macho, nusu yao walikuwa wameinamia madawati. Nilidhani wanatafakari, kumbe wamelala.

Aliyeniokoa ni mkuu wa idara, Mwalimu Odero, mtu mrefu, mpole, ambaye koti lake la kijivu lilikuwa na vumbi la chaki hata siku za likizo. Alikuwa amesimama nje ya dirisha akisikiliza. Wakati wa chai alinisogezea kiti.

"Madam Boke," aliniambia, "umewasomea habari za mtu lakini hujawaonyesha mtu. Sasa watamlilia vipi akifa?"

"Kwani anakufa?" niliuliza, maana nilikuwa sijamaliza kitabu. Msinicheke, nanyi mmewahi kufanya hivyo.

Kesho yake aliingia darasani nami. Aliwaambia watoto wafunge vitabu. Akasoma mistari michache tu, pale mwandishi anapomleta mwenye duka kwa mara ya kwanza, kisha akampa msichana mmoja chaki na kumwambia amchore. Darasa zima likawa linapiga kelele: tumbo liwe kubwa, hapana, hakusema tumbo, alisema masikio. Ndiyo, masikio. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba masikio ya mwenye duka yalikuwa madogo na yamelala kichwani. Odero alikaa juu ya dawati la nyuma akauliza swali ambalo niliishi nalo mpaka nikastaafu. "Huyu mwandishi alikuwa na mwili mzima wa kueleza. Mbona amechagua sikio?"

"Kwa sababu hasikii," kijana mmoja akajibu.

"Hatasikia nini?"

Wakaanza kubashiri. Hatasikia mkewe akilia. Hatasikia mwizi. Ataambiwa kitu na watu na atapuuza. Odero hakusema nani amepata na nani amekosa. Alifuta ubao kwa kile kifutio chetu cha kipande cha godoro, akatoka. Wiki kadhaa baadaye tulifika sura ambayo majirani wanamwita mwenye duka usiku kucha kwamba moshi unatoka stoo, naye anageukia ukutani na kuendelea kulala. Darasa liliruka likaanza kupiga madawati, "Sikio! Sikio!" Mwalimu mkuu alikuja mbio akidhani watoto wanapigana. Hakuna aliyelala tena katika kipindi changu, ila siku za maharagwe.

Hiyo ndiyo njia yangu yote, na nimewaeleza bure. Vitabu vifungwe, wajihi usomwe polepole mara mbili, mtoto achore, wenzake wamsahihishe, kisha uulize kwa nini kiungo hiki na si kile. Odero alikuwa na msemo wake: mwandishi hataji unywele bure. Lakini aliniwekea na breki. Kikitajwa mara moja, alisema, huenda ni pambo tu. Kikitajwa mara ya pili, kaza macho. Breki hiyo inahitajika, kwa sababu mtoto akishaonja utamu wa kubashiri hana kiasi. Nimesahihisha insha zisemazo mhusika ana pua kubwa, kwa hivyo atapata mafua. Nimesahihisha nyingine isemayo kitambi cha mbunge kinadokeza kwamba atakula. Hiyo ya pili nilifikiria sana kabla sijaikosoa.

Odero alipostaafu aliniachia mkebe wa majani ya chai uliojaa vipande vya chaki za rangi. Wakati huo nakala moja ya riwaya ilisomwa na watoto wanne, jalada lake limefunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani, na chaki ya rangi ilifichwa kama nyama. Nilihama na mkebe huo nilipopelekwa Uriri.

Uriri ilinipokea kwa ukungu. Asubuhi ulikuwa unatoka kwenye nyumba ya mwalimu huoni shule, unaona miwa tu, na sauti za watoto zinakuja kutoka mahali usipopajua. Nilipenda dakika zile. Nilikuwa natembea polepole kwa makusudi, nikisikia jina langu likiitwa na watu wasioonekana, "Madam, Madam," na nikijiona kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kitabuni na kuna darasa mahali fulani linanichora. Kisha kengele inagongwa, ukungu unapasuka, na kila kitu kinarudi kuwa shule yenye paa la mabati na choo kinachohitaji dawa.

Ni huko nilikomfundisha Atieno. Alikuwa Kidato cha Nne, mtoto wa Kosele, aliyeletwa kusoma huku kwa sababu shangazi yake aliishi karibu. Alikuwa mtulivu, mwenye akili ya kuudhi, yaani ile inayokurekebisha kwa heshima. Mbele, juu kidogo ya paji la uso, alikuwa amezaliwa na kishungi cha nywele nyeupe. Shuleni wasichana wote walinyoa, kwa hivyo hukukiona ila nywele zikianza kuchipua, hapo palionekana kama pameguswa na majivu. Wakifungua shule baada ya likizo ndefu ungekiona wazi kabla hajamfikia kinyozi.

Riwaya ya mwaka ule ilikuwa na msichana aitwaye Zuhura. Mimi nilikuwa nimeisoma mpaka mwisho. Lakini nilikuwa nimeisoma wakati wa likizo, na Atieno nilikuwa namfahamu kwa kichwa kilichonyolewa, kwa hivyo sikuunganisha chochote mpaka nilipojisikia nikisoma kwa sauti, vitabu vimefungwa, kwamba Zuhura alizaliwa na kishungi cha mvi mbele ya kichwa, kana kwamba uzee umemtangulia kumtazamia njia. Ilikuwa wiki ya kwanza ya muhula. Darasa lote liligeuka likamtazama Atieno, ambaye bado hajanyoa.

Alicheka. Akasimama mwenyewe, akaja kuchora. Tulipata shida ya kiufundi ambayo sikuwa nimeifikiria. Chaki ni nyeupe, sasa mvi utaichoraje ubaoni? Atieno alifungua mkebe wangu, akachora nywele zote kwa buluu, akaacha kishungi tu kiwe cheupe. Ulikuwa mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kuona. Nikauliza swali letu. Kijana wa nyuma akajibu haraka, bila ubaya wowote, kwamba ikiwa uzee umemjia mapema, na kifo nacho kitamjia mapema.

Alikuwa amepata. Kitabu kilikitaja kishungi cha Zuhura mara ya pili, na ya tatu, na kuelekea mwisho msichana huyo akaugua na kufa kabla hajamaliza hata kushona nguo zake za harusi. Tulipofika sura hiyo hakuna aliyepiga dawati. Atieno alifunga nakala yao polepole, akawarudishia wenzake watatu, akatazama nje kwenye miwa mpaka kipindi kikaisha.

Baada ya hapo akaanza kugawa vitu. Daftari za marudio alimpa mmoja, kamusi akampa mwingine. Kazi za ziada hakuzileta. Mwalimu wa hesabu aliniambia msichana wangu amezembea, nami nikamwita nyuma ya chumba cha walimu, kwenye tangi la maji.

"Unagawa vitabu, na mtihani ni muhula huu huu?"

"Wao watavitumia, Madam."

"Na wewe?"

Alisugua kichwa chake kilichonyolewa. "Madam, mimi nimeitwa jina la nyanya yangu, mama ya baba. Kwetu mtu akikufa anaweza kuja kwa ndoto aombe mtoto apewe jina yake. Huyo nyanya alikuja nikiwa kwa tumbo. Kuzaliwa, nikatoka na hii alama, na yeye alikuwa nayo hapa hapa. Alikufa akiwa bado msichana, baba hata hajaanza shule." Akaniinulia macho. "Si wewe ulisema mwandishi hataji unywele bure?"

"Nilisema kuhusu vitabu, Atieno. Mwandishi ni mtu, anapanga hadithi yake akijua mwisho."

"Na Mungu hajui mwisho? Yeye ndio anataja bure?"

Niwaambie ukweli, niliogopa. Nilikuwa na majibu mengi, yote ya mwalimu, na kila moja nililigeuza mdomoni nikaliona halifai. Somo lilikuwa sahihi, na hata leo ningelifundisha vile vile. Lakini mbele yangu alisimama mtoto aliyekuwa amejisoma kama riwaya na kufika sura ya mwisho akiwa na miaka kumi na minane. Nilimwambia arudi darasani. Likizo ya katikati ya muhula ilipofika alikwenda Kosele, na wenzake waliporudi, yeye hakurudi.

Nilimngojea siku chache, nikaomba ruhusa, nikaenda. Kosele siku ya soko hupati shida kumpata mtu, unauliza tu kwa mtu wa kwanza na yeye anapaaza sauti. Nilielekezwa kwenye boma la kina Atieno, kwa Dani Akelo, yaani Bibi Akelo kwa Dholuo. Dani huyu hakuwa nyanya aliyekufa, alikuwa mke mwenza wake, yule aliyebaki na kulea watoto wa wote wawili. Nilimkuta sebuleni kwake, miguu imenyooshwa, anabambua njugu kwa kasi ya mtu anayegombana nazo. Atieno alikuwa kando yake na sinia. Aliponiona alitazama chini.

Dani hakujua Kiswahili zaidi ya cha sokoni, na Dholuo yangu ilikuwa ya kusikia zaidi kuliko ya kusema. Kwa hivyo Atieno akawa mkalimani, tena wa kesi yake mwenyewe. Nilieleza nilichokuja nacho. Msichana akatafsiri kwa sauti ndogo, macho kwenye sinia. Dani aliacha kubambua.

"Anauliza," Atieno akasema, "nani amesema nyieka alikufa kwa sababu ya nywele." Nyieka ni mke mwenzangu, mtu humwita hivyo hata akiwa kaburini.

"Mwambie ni wewe umesema," nikajibu.

Alimwambia. Yule bibi alimtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akaanza kusema, na ilikuwa kama mtu amefungua mfereji. Atieno alimfuata kwa shida. "Anasema alikufa kwa homa. Mvua ilizidi. Mwaka hiyo walizika jirani yao wa huko chini, na bibi yake, na fundi wa baiskeli. Anasema hao wote nywele zao zilikuwa nyeusi kama masizi." Dani akaongeza neno. "Anasema, za hao zilisema nini?"

Mimi, niliyezoea kuuliza maswali, nilikaa na swali hilo nikiliangalia. Kisha, kwa sababu ya mazoea, nikaomba kitu kimoja. Nilimwomba Dani anieleze yule mwanamke alikuwa anafananaje, tuache nywele.

Dani alicheka, na nikaona kwamba hakuwa amemsamehe kabisa. Mfupi, akasema. Miguu mepesi, anatembea kama amechelewa mahali. Mikono haitulii, ukimweka kanisani anashona. Sauti kubwa. Alikuwa anachukua kuni zake Dani asubuhi na kuapa jioni kwamba ni panya. Kila kitu alikianza yeye, shamba, kikundi cha akina mama, ugomvi. Atieno alikuwa anatafsiri sasa bila kutazama sinia, na alipofika kwenye zile kuni alicheka kwa pua, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu ubaoni.

"Na hiyo ndoto," nikasema. "Alimjia nani?"

Alimjia Dani mwenyewe. Si mwanawe wala mkwewe, mke mwenzake. Alisimama mlangoni na jembe, amekasirika, akasema ameacha njugu ardhini na hakuna anayejali. Dani akamuuliza mbona hakumwendea mume wao. Akajibu kwamba huyo anakoroma, hasikii mtu. Ndipo akasema mtoto anayekuja apewe jina lake. Baada ya hapo Dani aliongeza sentensi moja fupi, akarudia njugu zake.

Sentensi hiyo Atieno hakuitafsiri. Lakini Dholuo yangu ya kusikia ilitosha. Dani alisema hivi: mtu hajisumbui kutoka huko wote walikokwenda, aje mpaka hapa, ili afe tena.

Sikusema kwamba nimeelewa. Nilibambua njugu nao, vibaya, mpaka Dani akaninyang'anya sinia. Wingu lilikuwa limejenga upande wa ziwa, na akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwalimu, wewe enda, mvua nakuja." Atieno alinisindikiza mpaka barabarani. Boda boda iliposimama akasema, "Jumatatu nitakuja, Madam. Lakini ile kamusi nitaiitisha aje na nilishaipeana?"

"Kwa aibu," nikamwambia. "Kama mtu mwingine yeyote."

Aliitisha, akarudishiwa, akafanya mtihani wake. Mimi nilihamishiwa Homa Bay baadaye na nikamalizia kazi huko, mbele ya maji, katika darasa ambalo asubuhi nyingine unakuta magugu ya ziwani yamesogea usiku na kisiwa kizima cha kijani kimehama kutoka dirisha moja hadi jingine. Watoto wa siku hizi wanakuja na muhtasari kwenye simu. Wanajua mhusika amekufa kabla hawajajua ana macho ya namna gani. Msigombane nao, simu zimewashinda hata wachungaji. Waambieni tu wafunge kila kitu, wapeni chaki, na wamwone mtu kwanza. Na siku mmoja wao atakapokuuliza kama Mungu naye anaandika hivyo, usikimbilie kujibu. Muulize kwao ni wapi.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kochi, nimesinzia, upepo wa ziwa unapeperusha pazia, na wahusika wamekaa kama kawaida yao. Nikaona mwanamke amesimama mlangoni kimya. Nilimtazama muda mrefu nikijaribu kukumbuka ni wa riwaya gani. Mfupi. Miguu mepesi. Mikono inakunja na kukunjua mfuko wa mananasi.

"Madam, unalala mchana kama mgonjwa?" akasema, na hapo nikaamka kabisa.

Atieno ana duka la pampu za maji Migori, na ana sauti ambayo nadhani inasikika Isebania. Alikata mananasi mwenyewe, akaosha vyombo ambavyo sikumwomba aoshe, akaniambia habari za watoto wake na za Dani, aliyefariki akiwa mzee sana na mwenye malalamiko. Kisha akakaa kando yangu, akapunguza sauti.

"Madam, kitambo nilimpita nyanya. Umri. Nilikuwa nimeuliza baba aniambie alikufa akiwa na miaka ngapi, halafu nikahesabu, nikajua siku. Hiyo siku sikufungua duka. Sikuambia hata bwanangu. Nililala kwa kitanda nikangoja."

"Ukangoja."

"Nikangoja mpaka nikasikia njaa. Nikaamka nikapika. Kesho yake nikafungua duka, na kulikuwa na mteja amenuna kwa mlango anauliza jana nilikuwa wapi."

Alicheka, mimi nikalia, sioni haja ya kuficha. Nilimvuta, nikamwinamisha kichwa mapajani pangu kama mtoto anayetafutwa chawa, nikapitisha vidole pale mbele, juu ya paji la uso, nikitafuta kile kishungi. Nilitafuta kushoto, nikatafuta kulia, nikavaa na miwani. Sikukipata. Mvi zilikuwa zimeota kichwa kizima.